Acheni kuisingizia Excel

Kila hasara ya JPMorgan ya 2012 ikitajwa, waundaji programu wenzangu hucheka: eti benki kubwa hivyo imepoteza dola bilioni 6.2 kwa sababu ya Excel! Kicheko hicho kimenichosha.

Hitilafu ilikuwepo, sikatai. Kitengo kimoja cha benki hiyo kule London kilikuwa kikicheza na fedha za benki yenyewe, kwa mikataba inayopanda na kushuka kufuatana na hofu ya kampuni kushindwa kulipa madeni. Hatari ilipimwa kwa VaR, nambari moja inayodai kwamba siku 19 kati ya 20 hasara haitazidi kiasi fulani. Jedwali lilitakiwa kutoa kiwango cha zamani kwenye kipya, kisha kugawanya kwa wastani wa vyote viwili. Likagawanya kwa jumla. Kiwango kikitoka 100 hadi 110, jibu ni 10 kwa 105, yaani asilimia 9.5. Jedwali hilo litakupa 4.8. Na data ilihamishwa kwa mkono: nakili, bandika, nakili, bandika. Aibu tupu.

Lakini jamani, tazameni tarehe. Januari 2012 kitengo kilikuwa kimevuka kikomo chake cha VaR. Walipunguza dau? Wapi! Waliharakisha modeli mpya, na mwisho wa mwezi VaR ikashuka karibu nusu. Dau lenyewe likazidi kunona: dola bilioni 51 za mikataba mwanzoni mwa mwaka, 157 kufikia mwisho wa Machi. Hitilafu inayompendelea anayepimwa haitafutwi na mtu. Ingeongeza VaR maradufu, ingepatikana kabla ya chai ya saa nne.

Hata hasara za kila siku walizikadiria wenyewe, wakichagua bei zilizowapendeza. Julai 2012 benki ililazimika kusahihisha hesabu za robo ya kwanza, faida ikapungua kwa dola milioni 459.

Tena hata jedwali likiwa safi, VaR haisemi lolote kuhusu ile siku ya 20. Inaweza kuwa hasara ndogo, inaweza kuwa msiba.

Sasa wewe unayecheka, nijibu. Tuandike hesabu hiyo upya kwa Java, majaribio yote yapite. Kama mkuu wa wachezaji ndiye anayeidhinisha modeli ya kumpima, umerekebisha nini?