Gor Si ya Kisumu, Bana

Wacha niseme jambo ambalo Kondele halisemwi kwa sauti: Gor Mahia si timu ya Kisumu. Ni timu ya Nairobi, na imekuwa hivyo tangu siku ya kwanza.

Ilizaliwa huko Februari 1968, Luo Union na Luo Stars zilipounganishwa. Ikapewa jina la mganga wa Kanyamwa, kule Homa Bay, halafu ikatwaa ligi msimu wake wa kwanza. Fikiria walioijenga. Watu waliotoka ziwani kufuata kazi, ambao wiki nzima walikuwa vibarua na makarani katika mji wa wenyewe. Soka ilikuwa ya ridhaa, mchezaji alikula jasho la kazi yake nyingine. Jumapili ndiyo siku mtu wa Makongeni au Kaloleni (ile ya Nairobi, si yetu) alisikia Kijaluo kikipigwa kelele na watu elfu kadhaa bila kumwomba yeyote radhi. Klabu ilikuwa dala ya waliokuwa mbali na dala.

Haja hiyo naielewa kabisa. Ninachouliza ni hiki: sisi tulio hapa hapa, ziwa tunaliona, tumepotelea wapi hadi tunahitaji klabu ya wahamiaji?

Kisumu All Stars ilipanda ligi kuu 2019. Timu yenye jina la mji! Ilikaa msimu mmoja, ikashuka. Ni wangapi kati yetu walihuzunika? Gor ikifungwa Nairobi, Manyatta nzima hailali. All Stars iliposhuka, watu waliuliza kama chai imeiva.

Najua jibu: ati wafadhili hawakuwepo, kaunti ilizembea. Kaunti nayo ina yake ya kujibu, sikatai. Lakini wale wa Nairobi hawakungoja gavana. Luo Union yenyewe, kile chama cha ustawi kilichowahi kuongozwa na Jaramogi Oginga Odinga, iliishi kwa michango ya watu wenye mishahara midogo. Ofafa Memorial Hall iliyoko hapa mjini ni kazi ya chama hicho. Watu wa mbali walituma pesa, wakatujengea ukumbi nyumbani. Siku hizi pesa zinapanda basi kinyume: sisi wa nyumbani tunanunua jezi na kulipa kiingilio ili klabu ya Nairobi iishi, na vijana wa Nyalenda wanacheza kwa viatu vya kuazima.

Jibu la pili ndilo linaloniudhi. "Gor ni ya Wajaluo wote." Sawa kabisa, na hapo ndipo shida ilipo. Kisumu si ya Wajaluo wote, ni ya wakazi wake. Reli ilifika hapa 1901 na tangu hapo mji huu umechanganyika: Wanubi wa Kibos, Wahindi wenye maduka, Waislamu wa Kaloleni, Waluhya na Wakisii waliozaliwa hapa na wasio na Kisumu nyingine. Mtoto wa Kiluhya aliyekulia Manyatta atashangilia nini? Tunamwambia aende Leopards, klabu nyingine iliyozaliwa na wahamiaji huko huko Nairobi. Yaani mji huu unagawanya watoto wake kufuata vyama vya kikabila vya mji mwingine, vya miaka ya sitini. Timu ya mji ingewaweka kwenye benchi moja, kwa jezi moja.

Uwanja si kisingizio tena. Moi upo, na ule wa Jomo Kenyatta pale Mamboleo ulifunguliwa Madaraka Day ya 2021.

Utaniambia Gor ikija kucheza huku mji unapata pesa. Kweli. Mama wa samaki anauza, mtu wa boda anajaza mfuko, hoteli zinalala watu. Jumatatu asubuhi basi la timu linapita Ahero, linarudi kwao.