Aibu ya Waheshimiwa



Viwandani, karakana na katika stendi ya Kitengela neno ni moja: "Wanasiasa hawa waaibishwe mbele ya watu!" Hasira hiyo twaijua, maana nasi twakatwa kodi kabla ya kuushika mshahara. Mwaka 2024 vijana wa Kitengela waliandamana. Tarehe 19 Agosti watu watatu wakatekwa nyara mjini humo, wasiachiliwe mpaka Septemba. Tarehe 4 Mei 2025, kule Kehancha, Rais alitupiwa kiatu. Wengi walicheka. Sisi twauliza: baada ya kucheka, je?

Kuaibisha watu hadharani si jambo geni. Machi 1907, mlowezi Grogan aliwachapa Waafrika watatu viboko mbele ya korti ya Nairobi, na Wazungu wenzake wakitazama. Baadaye kikaja kipande cha kuvikwa shingoni. Hiyo ni aibu ya mwenye nguvu kwa mnyonge. Haikukusudia kumrekebisha mtu bali kumvunja. Silaha hiyo tusiirithi.

Lakini iko aibu ya namna nyingine. Kwa Wamaasai, mwanamume aliyevunja mwiko mzito wa uzazi aliendewa na wanawake kwa pamoja, wakamtukana, wakampiga, wakachinja ng'ombe zake. Fimbo hizo hatuziombi. Tunalotaka kwao ni hili: kosa lilikuwa na jina, na kila mtu alilijua. Tena tarehe 16 Machi 1922, Harry Thuku alipokuwa kifungoni Nairobi, Mary Muthoni Nyanjiru aliinua nguo yake, akawaambia wanaume wampe suruali zao. Hakumvua mtu yeyote, ila kila aliyesitasita alijiona yu uchi. Askari walipopiga risasi, naye alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Basi tuyape makosa majina. Tarehe 25 Juni 2024 wabunge 195 waliukubali Mswada wa Fedha, 106 wakaukataa. Kiatu hakiwezi kuwatenganisha hao na hawa, kura yaweza. Kweli, Katiba ya 2010, kifungu cha 104, yatupa haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muda wake. Lakini mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vya Sheria ya Uchaguzi vilivyoweka utaratibu wake, na hatujaona mbunge hata mmoja aliyerudishwa nyumbani kwa njia hiyo. Mwenye kuogopa mlango huo hatakuwa na haraka ya kuutengeneza.

Kwa hiyo twaomba kila tawi, kutoka Kitengela mpaka Kajiado, libandike ukutani jinsi mbunge wetu alivyopiga kura kila sheria ya kodi na ya kazi ipitapo. Ajapo kuomba kura, asizomewe. Aketishwe kitini, asomewe karatasi hiyo polepole mbele ya watu wote, kisha aulizwe: je, utaitengeneza sheria ya kukuondoa? Jibu lake nalo libandikwe.

Kiatu hudumu siku moja. Karatasi ya ukutani husomwa kila zamu.