Nepi ya Mtoto na Mzigo wa Jirani



Juma lililopita, katika somo la msamiati wa nyumbani, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza, "Mwalimu, pampasi kwa Kiswahili sanifu ni nini?" Darasa zima likacheka. Nilimjibu kwamba neno la kawaida ni nepi, tulilolitohoa kutoka Kiingereza, na kwamba tunalo pia neno la zamani zaidi, winda, yaani nguo anayofungwa mtoto mchanga kati ya miguu. Pampasi ni jina la bidhaa ya kampuni ya Marekani iliyoingia sokoni mwaka 1961, nalo limeenea hata likageuka jina la kila nepi ya kutupwa. Somo liliishia hapo. Lakini jioni, nilipofika nyumbani na kumkuta mwanangu wa miezi saba akisubiri kubadilishwa, niliona kwamba swali lile lina sehemu ya pili, nayo ni ya uraia: mzazi wa Kampala achague nepi ipi?

Zipo aina tatu. Ya kwanza ni nepi ya kutupwa. Ndani yake mna nyuzi laini za mbao na chembechembe za kemikali zinazofyonza mkojo na kugeuka uteute. Nje mna utando wa plastiki. Huvaliwa saa chache, kisha huwa taka. Ya pili ni nepi ya kitambaa, ambayo hufuliwa, huanikwa na kuvaliwa tena, na ikitunzwa yaweza kumfaa hata mtoto atakayefuata. Ya tatu ni nepi mseto: ina kifuniko cha nje kisichopitisha maji, na ndani yake huwekwa kipande cha kufyonza kinachoweza kutolewa, kiwe cha kufuliwa au cha kutupwa. Neno mseto mmelizoea katika "serikali ya mseto". Hapa pia ni washirika wawili wasiofanana wanaofanya kazi moja.

Tuanze na hesabu. Mtoto anayebadilishwa mara sita kwa siku hutumia nepi 180 kwa mwezi. Tukichukulia kwamba mzazi hununua moja moja dukani kwa shilingi 800, hizo ni shilingi 144,000 kila mwezi. Mwenye kipato kidogo hushawishika kumwacha mtoto na nepi ile ile tangu asubuhi hadi jioni ili kuokoa fedha, na ngozi ya mtoto ndiyo inayolipa kwa vipele na michubuko.

Bei ya dukani, hata hivyo, si bei yote. Katika mitaa mingi ya jiji letu, mzoa taka hulipwa kwa gunia. Asiye na fedha hiyo hutupa nepi usiku mtaroni au katika shimo la choo. Shimo hujaa kabla ya wakati wake, na wanaokuja kulinyonya hukuta mipira yao imezibwa. Mtaro nao huziba, na mvua ikinyesha maji huingia katika nyumba za walio bondeni. Maji ya mfereji wa Nakivubo humwagika katika Ziwa Viktoria, kwenye ghuba ile ile ambamo mitambo ya Ggaba huvuta maji ya kunywa ya jiji. Hata taka zinazozolewa vizuri haziyeyuki. Kwa miaka mingi zilipelekwa Kiteezi, wilayani Wakiso. Tarehe 10 Agosti 2024 rundo lile liliporomoka na kufukia nyumba, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Sisemi kwamba nepi ndizo zilizowaua. Nasema tu kwamba mlima ule tuliujaza sote, na waliofukiwa walikuwa wachache walioishi chini yake.

Kwa kuyafikiri hayo, mwanangu alipozaliwa nilitangaza kwamba nyumba ya mwalimu haina budi kutumia vitambaa. Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, hotuba ni nzuri. Beseni liko nyuma ya nyumba." Sikulifuata beseni. Kwa majuma matatu alifua yeye, nami niliendelea kuwasifia wenzangu katika chumba cha walimu ubora wa vitambaa. Juma la nne aliugua malaria, na beseni likawa langu.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kinyesi hukung'utwa kwanza chooni. Kwamba vitambaa huoshwa kwa maji ya moto, na maji hayo hutaka makaa. Kwamba kila suuzo ni nusu dumu, na dumu hubebwa kutoka bombani kwa jirani. Kwamba siku ya mvua vitambaa kumi na viwili huning'inia sebuleni vikinuka unyevu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikuwa nimekisifu kitanda ambacho mwenzangu peke yake alikilalia.

Jambo hili halikuanza nyumbani kwangu. Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulipolinganisha nepi katika ripoti ya mwaka 2008, uliona kwamba kwa miaka miwili na nusu ya utoto, nepi za kutupwa husababisha takriban kilo 550 za hewa ya ukaa, na za kitambaa, kwa wastani, kilo 570. Tofauti ilitokana na ufuaji: anayefua kwa maji yenye joto kali mno na kukausha kwa mashine huongeza madhara, ilhali anayeanika kambani, akajaza mashine barabara na kumvisha mtoto wa pili nepi zile zile hupunguza takriban kilo 200. Sisi jua tunalipata bure na kamba tunazo. Tunachokosa katika hesabu yetu ni mikono. Mashine ya Uingereza hutumia umeme, nao hupimwa kwa mita. Yetu ni mama au yaya, naye hapimwi na mtu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: nepi iliyo bora ni ile ambayo mchaguzi wake yuko tayari kuubeba mzigo wake mwenyewe. Anayechagua ya kutupwa na amlipe mzoa taka, asimwachie jirani wa bondeni. Anayechagua kitambaa na ashike beseni, asimwachie mkewe au yaya. Nyumbani kwetu tumechagua mseto. Kifuniko kikipanguswa hutumika tena, na kinachofuliwa ni kipande cha ndani tu, ambacho hukauka upesi. Usiku na safarini tunatumia ya kutupwa. Gharama ya kuanzia ilituuma, nami nafua Jumatatu, Jumatano na Jumamosi.

Ibara ya 39 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya, na ibara ya 17 inayaweka kuyalinda mazingira hayo miongoni mwa wajibu wa raia. Haki na wajibu, kama mnavyoona, vimo katika beseni moja.

Wapo watakaotaka serikali ipige marufuku nepi za kutupwa. Mwaka 2009 sheria ilipiga marufuku mifuko myembamba ya plastiki, na kaveera bado tunafungiwa sokoni hadi leo. Isitoshe, simlaumu mama anayeuza nyanya tangu alfajiri hadi usiku, anayeishi chumba kimoja pasipo maji. Kumtaka afue nepi kumi kila siku ni kumtwisha mzigo wetu sote. Yeye anastahili kuzolewa taka kwa bei anayoiweza, na hilo ni jambo la kuwadai madiwani tunaowachagua.

Basi, kabla ya mjadala wetu wa Ijumaa, kila mmoja aulize nyumbani kwao: ulipokuwa mchanga, nani alifua nepi zako, au zilitupwa wapi? Andikeni majibu kwa sentensi kamili. Mkimpata aliyefua, mshukuruni kwanza, ndipo mwandike.