Kufuta Jina si Kusahihisha Historia

Ziko kazi za mikono ambazo wengi wetu huzipita bila kuzitupia jicho, tukidhani ni mchezo wa watoto. Mojawapo ni vigari vya mfano. Hatusemi vile vya plastiki vya kuburura sakafuni siku ya Idi. Twasema vile vinavyotengenezwa kwa vipimo barabara, kwa kuiga magari halisi yaliyoshindana katika mbio za saa 24 za Le Mans, nchini Ufaransa. Watu wazima huvinunua kwa bei kubwa, wakaviweka kabatini nyuma ya kioo, na ole wake atakayevigusa.

Mbio za Le Mans zilianza mwaka 1923. Hazitafuti gari lenye kasi tu, bali gari linalostahimili: mchana na usiku, mvua na jua, madereva wakipokezana usukani hadi saa 24 zitimie. Vigari vyake hutengenezwa khasa kwa kipimo cha 1 kwa 43. Kipimo hiki kilitokana na treni za mfano za Uingereza. Kampuni ya Meccano ya Liverpool, iliyokuwa ikiuza treni hizo, ndiyo iliyotoa vigari vya Dinky katika miaka ya 1930. Kwa kipimo hicho, gari la mita 4.3 huwa sentimita 10, likaenea kiganjani.

Thamani ya kigari ni ukweli wake. Namba ubavuni, taa, rangi, majina ya waliotoa fedha, yote hutakiwa yawe kama yalivyokuwa siku ile ya mbio. Mkusanyaji hodari hutoa picha za zamani akalinganisha, na kosa dogo humkosesha usingizi.

Hapa basi ndipo penye mgogoro. Mwaka 1988 Jaguar ilishinda Le Mans kwa mara ya kwanza tangu 1957, ikakatiza ushindi wa Porsche wa miaka saba mfululizo. Gari hilo lilibeba jina na rangi za sigara za Silk Cut. Lakini magari kama hayo yakigeuzwa vigari, mara nyingi jina la sigara huondolewa, pakaachwa patupu. Watengenezaji huchelea sheria za kukataza matangazo ya tumbaku, kama ile ya Ufaransa ya 1991. Kisha majina yale yale huuzwa mbali, katika vikaratasi vya kubandika, na mnunuzi akakesha na kibano na bakuli la maji akirudisha kilichoondolewa.

Sisi hatuitetei sigara. Kenya nayo ilipiga marufuku matangazo yake kwa sheria ya 2007, na ilifanya vyema. Lakini tazameni ajabu: kwenye Jaguar jina likifutwa, zambarau na nyeupe, ambazo ndizo rangi za pakiti yenyewe, hubaki pale pale. Anayejua atajua tu. Asiyejua ndiye aliyedanganywa, na mwanawe akimwuliza ni nani aliyeligharimia gari hili, hana la kumjibu. Na jibu hilo ndilo somo lenyewe, kwamba biashara ya kitu kinachoua ilijinunulia sura ya ushujaa.

Msomaji wetu Mwislamu atauliza: na la kileo je? Ni swali la haki. Porsche 917 iliyoshinda mwaka 1971, mikononi mwa Helmut Marko na Gijs van Lennep, ilikwenda kilomita 5,335, rekodi iliyodumu hadi 2010. Ubavuni ilikuwa na jina la Martini, mvinyo wa Kitaliano. Wala mambo haya si ya ng'ambo peke yake. Wenye umri watazikumbuka Porsche 911 za Martini katika Safari Rally ya 1978, na Opel ya sigara za Rothmans iliyompa Ari Vatanen ushindi mwaka 1983. Magari hayo yalipita katika barabara za nchi hii, na watoto wakayapungia mikono bila kujua wanashangilia jina la nini.

Fikira yetu ni hii. Asiyetaka jina la mvinyo nyumbani mwake ana haki kamili, wala hana lazima ya kukinunua kigari hicho. Na achague Mazda 787B ya 1991, gari la kwanza la Kijapani kushinda Le Mans, lenye rangi za chungwa na kijani. Kukataa ni haki yake. Lakini kufuta jina, kisha kusema ndivyo gari lilivyokuwa, huo ni ushahidi wa uwongo, hata ukiwa wa sentimita 10.

Mwaka 1955 Mercedes ya Pierre Levegh iliruka, na vipande vyake vikawaangukia watazamaji. Zaidi ya 80 walikufa, na dereva mwenyewe pia. Hakuna aliyeufuta mwaka huo katika historia ya Le Mans. Uliangaliwa usoni, na mahali pale pakajengwa upya ili watu wasalimike. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwa hivyo twawaomba watengenezaji jambo jepesi: andikeni juu ya sanduku kwamba gari halisi lilikuwa na jina la sigara, nalo limeondolewa kwa sababu ya sheria. Sentensi moja yatosha. Na mwenye kabati, siku mojamoja alifungue, awaite watoto, awaeleze gari lilikwenda masafa gani, nani aliliendesha, na nani alitoa fedha na kwa nini. Kigari kisichosimuliwa ni chuma kilichopakwa rangi, na bei yake yote ni hasara.