Tuhamiapo Unguja, Watoto Wasome Wapi?

Zipo familia za Kiislamu zinazofunga mizigo hapa Tukuyu kuelekea Unguja, kwa uhamisho wa kazi au kwa biashara. Swali linalowakabili mapema ni hili: mtoto aingie shule ya serikali au ya binafsi?

Wengi hujibu kwa haraka. Huku Rungwe mtoto wa Kiislamu aghalabu ni mmoja wa wachache darasani, na mzazi huhangaika kumpatia mwalimu wa dini. Hivyo akisikia shule ya binafsi yenye jina la Kiarabu, hulipa ada hata kwa kukopa, akidhani amenunua elimu na malezi kwa mkupuo mmoja.

Yafaa ifahamike kuwa Zanzibar ina wizara yake ya elimu na mitaala yake. Elimu ilitangazwa kuwa bure huko mwaka 1964, na katika shule za serikali dini ya Kiislamu na Kiarabu hufundishwa darasani. Kwa hiyo kile ambacho mzazi wa Tukuyu yuko tayari kukikopea, aweza kukipata bila ada. Na mitihani ya kidato cha nne na cha sita ni ya Baraza la Mitihani la Tanzania, sawa na ya huku.

Penye hatari ni kwingine. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliweka elimu ya msingi kuwa miaka 6, na ikaelekeza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Bara tulizoea miaka 7, hadi sera iliporekebishwa mwaka 2023, na shule zetu nyingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Mtoto atokaye darasa la tano hapa aweza kujikuta amebakiwa na mwaka mmoja tu, tena kwa lugha asiyoizoea. Hapo ndipo fedha ya mzazi ihitajikapo: masomo ya ziada kabla ya safari, na kuuliza mapema atapokewa darasa gani.

Hatusemi shule za serikali hazina dosari. Madarasa ya mjini hujaa, na kusoma kwa mikondo miwili kumekuwapo kwa miaka mingi. Lakini asomaye asubuhi hubakiwa na alasiri ya chuo cha Qur-an. Shule ya binafsi tunaishauri kwa mwenye uwezo wa kuilipia hadi kidato cha nne bila deni, baada ya kuwaona walimu na kuyatazama matokeo. Mtoto aondolewaye njiani kwa kukosa ada huumia mara mbili.

Wala tusidanganyike kwamba kisiwa chenye misikiti kila mtaa kitatulelea watoto. Adhana humwita mtoto. Anayemshika mkono kumpeleka ni mzazi, awe Tukuyu au Unguja.