Mzee wa Dola Mia Hakuwa Rais

Mpwa wangu ana miaka tisa, na sura ya Benjamin Franklin anaijua kuliko ya Kinjeketile. Hakuipata kitabuni. Nyumba yao iko Kariakoo, baba yake anaagiza vifaa vya simu kutoka Guangzhou, na dola mia zikihesabiwa mezani mtoto yupo, anaangalia. Juzi akaniuliza, "Anko, huyu ndiye rais wa kwanza wa Marekani?" Kabla sijajibu, shemeji akadakia: "Huyo aliacha shule akiwa mdogo kama wewe, akawa tajiri. Shule siyo kila kitu."

Hapo ndipo niliposhindwa kunyamaza, na ndiyo sababu ya andiko hili. Maana shemeji hayuko peke yake. Vijitabu vya hamasa vinavyotandikwa chini barabarani, na klipu za simuni, vyote vinamuuza Franklin kwa maneno hayohayo: aliacha shule, akatajirika. Kwa mtoto wa Kariakoo, ambaye kila siku anaona wenzake wakisukuma mikokoteni saa za masomo, huo ni uongo wenye madhara.

Kwanza, Franklin hakuacha shule kwa ujanja. Alizaliwa Boston mwaka 1706, mtoto wa 15 kati ya 17 wa mtengeneza mishumaa na sabuni. Ada ilikuwa mzigo. Alipofika miaka 10 baba akamtoa shule, na akiwa na miaka 12 akawekwa kwa kaka yake kujifunza kupiga chapa. Sasa angalia alichofanya huko. Aliazima vitabu kwa vijana waliofanya kazi kwa wauza vitabu, akavisoma usiku, akavirudisha alfajiri kabla tajiri hajagundua. Alichukua insha nzuri, akaandika vidokezo vyake tu, akaiweka kando siku kadhaa, kisha akajaribu kuiandika upya kwa maneno yake na kulinganisha ili aone alipokosea. Mwaka 1722, akiwa na miaka 16, akaanza kuandika barua kwa jina la mjane wa kubuni na kuzipenyeza usiku chini ya mlango wa kiwanda cha kaka yake. Zikachapwa. Kaka hakujua zimetoka kwa nani.

Huyo jamani ndiye mtu wa kumpa mtoto! Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuujaribu mchezo wa insha leo jioni. Utajiri hawezi kuujaribu.

Pili, acheni kuwaambia watoto kwamba Franklin "aligundua umeme". Umeme ulikuwa ukichezewa na wataalamu kabla yake. Alichoonyesha, pamoja na ile habari maarufu ya tiara ya mwaka 1752, ni kwamba radi nayo ni umeme, halafu akaligeuza hilo kuwa kitu cha kumfaa mwenye nyumba: chuma cha kukinga radi. Alibuni pia jiko la kupasha nyumba joto, na alipopewa nafasi ya kulihodhi kwa hataza akakataa. Na mwaka 1731 yeye na wenzake walichanga fedha, kama watu wa upatu, wakaanzisha maktaba ya kuazima vitabu. Sehemu hiyo ya maktaba wauza hamasa wanairuka. Aliyekosa shule hakusema shule haina maana. Alitafuta njia ya watu wasio na fedha kupata vitabu.

Tatu, msimtakase. Alimiliki watumwa, na gazeti lake lilichapa matangazo ya kuwauza. Uzeeni akabadilika, akaongoza chama cha kupinga utumwa, na mwaka 1790, miezi michache kabla ya kufa, akatia saini ombi kwa Bunge la Marekani utumwa ukomeshwe. Mnadhani mtoto hataelewa? Mtaa anaoishi umepewa jina kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, Waafrika waliobebeshwa mizigo ya vita vya watu wengine. Mtoto wa Kariakoo ataelewa vizuri sana, mradi aambiwe.

Sasa najua wengine mmeshakunja uso: "Mzungu huyo anatuhusu nini? Wapeni watoto mashujaa wetu." Sawa kabisa. Nipeni basi kitabu cha watoto kuhusu Erica Fiah. Mimi sijawahi kukiona.

Fiah alikuwa Muganda, mwenye duka hapa Dar es Salaam. Mwaka 1934 alianzisha chama cha kutetea ustawi na biashara za Waafrika. Mwaka 1937 akaanzisha gazeti la Kwetu. Wakati huo gazeti kubwa la Kiswahili lilikuwa Mambo Leo, lililokuwa likitolewa na serikali ya kikoloni tangu 1923. Mwenye duka akaona Waafrika wanahitaji gazeti lao, wenye kuliandika na kulimiliki wakiwa wao. Hakusubiri apewe. Mtu wa mjini, muuza bidhaa, aliyeshika kalamu akaisumbua serikali: tofauti yake na kijana wa Philadelphia ni ndogo kuliko mnavyofikiri. Tofauti kubwa ni kwamba mmoja ana noti na mwingine hana hata kitabu cha kurasa 32 chenye picha.

Kwa hiyo kelele za "mashujaa wetu" bila vitabu ni kelele tu. Anayemkataa Franklin bila kumleta Fiah anamwachia mtoto dola mia na maneno ya shemeji.

Jumamosi nilimchukua mpwa wangu tukaenda kwa miguu hadi Maktaba Kuu, iliyofunguliwa mwaka 1967. Iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Njiani nikamweleza kuhusu huyo mama, mwimbaji wa ngoma mwenye elimu ya darasa chache, aliyewaingiza TANU wanawake kwa maelfu. Akaniuliza kitabu chake kiko rafu gani.

Waandishi na wachapishaji mnaosoma hapa, swali hilo ni lenu. Mimi nilimwambia tutafute.