Farasi Mkali Hatawaliwi kwa Mjeledi

Zama zetu ni zama za injini. Jeshi husafiri kwa magari ya deraya na kwa ndege. Polisi humfuatia mhalifu kwa pikipiki na redio. Hata hivyo, kila mwaka watu maelfu kwa maelfu hukusanyika Epsom huko Uingereza, Longchamp huko Ufaransa, na hata katika uwanja wa Ngong mjini Nairobi, ili kuwatazama farasi wakipiga shoti. Twajiuliza: ni kitu gani kiwavutacho watu hao kwa mnyama ambaye kazi yake vitani imekwisha zamani?

Wako watakaojibu upesi kwamba ni kamari. Hatukatai kwamba fedha nyingi hupita mikononi katika viwanja hivyo, wala hatusiti kumwonya askari anayepeleka mshahara wake huko huku watoto wake wakingojea karo. Mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Lakini kamari huchezwa hata kwa karata, wala haihitaji farasi. Tena kamari haielezi kwa nini mtu huamka alfajiri, akampanda farasi mkali peke yake, pasipo mtazamaji wala zawadi.

Sisi twaona kwamba siri iko kwingine. Farasi wa mbio huwa na uzito wa kilo 450 na zaidi. Mpandaji wake aghalabu hafiki 60. Mnyama huyo akiamua kukataa, hakuna mkono wa mwanadamu uwezao kumshinda kwa nguvu tupu. Kumwona basi akitii, naye angali na moto wake wote, ni jambo la ajabu ambalo jicho halichoki kulitazama.

Jambo hili tangu awali lawahusu askari. Farasi wote wa mbio wa ukoo ule wa Kiingereza, kwa upande wa baba, hurejea kwa madume watatu waliotoka nchi za Mashariki. Mmoja wao, Byerley Turk, alikuwa farasi wa vita wa ofisa Robert Byerley, na husimuliwa kwamba alikuwapo katika mapigano ya mto Boyne huko Ireland mwaka 1690. Yule aliyekuja kuwa babu wa mabingwa alianza kwa kumbeba askari.

Plutarch anasimulia habari za Alexander wa Makedonia, aliyekuwa bado kijana, na farasi Bucephalus ambaye watumishi wa mfalme walishindwa kumpanda. Kijana yule hakuchukua fimbo. Alitazama, akatambua kwamba farasi anakiogopa kivuli chake mwenyewe. Akamgeuza uso kulielekea jua, akampapasa, kisha akampanda. Na Xenophon, askari wa Kiyunani aliyeandika kitabu juu ya upandaji farasi, alifundisha kwamba mtu asimwendee farasi kwa hasira, kwa kuwa hasira humfanya mtu atende neno atakalolijutia.

Mafunzo hayo hayakuzeeka. Mwaka 1973 huko Belmont, Marekani, farasi Secretariat alishinda kwa umbali wa miili 31 ya farasi, akaweka muda wa dakika 2 na sekunde 24 ambao haujavunjwa hadi leo. Mpandaji wake, Ron Turcotte, hakuuinua mjeledi.

Kwa polisi upo mfano ulio karibu zaidi. Tarehe 28 Aprili 1923, siku ya fainali ya kandanda katika uwanja mpya wa Wembley, umati uliozidi sana nafasi iliyokuwapo ulifurika hadi katikati ya uwanja. Miongoni mwa askari waliotumwa alikuwamo konstebo George Scorey, juu ya farasi wake Billy. Polepole, kwa kuwasihi watu washikane mikono na kurudi nyuma hatua kwa hatua, uwanja ukafunguka na mchezo ukachezwa. Farasi aliyeogopa au askari aliyeghadhibika angaliweza kuuleta msiba.

Wengi wetu hatujapata kushika hatamu. Wazee wetu hawana lawama: ndorobo na maradhi ya farasi viliwazuia wanyama hao kustawi katika sehemu kubwa ya nchi zetu, tofauti na Lesotho, ambako milima yenye baridi iliwalea farasi, na ambako polisi hadi leo huitwa kwa jina la polisi wapanda farasi.

Lakini ndugu askari, kila mmoja wetu amepandishwa juu ya nguvu kubwa kuliko yeye. Bunduki ni nguvu hiyo, sare ni nguvu hiyo, na umati wa raia waliokasirika ni nguvu hiyo pia. Mpandaji mwoga huanguka. Mpandaji katili huenda akafika leo, ila kesho farasi hatamkubali. Yule mwenye mkono imara na mwepesi, anayetafuta kwanza ni kivuli gani kimtishacho mnyama, ndiye afikaye naye mwisho wa safari.

Hiyo ndiyo sababu mbio hizi hazichakai machoni pa watu. Nasi tulio na amana ya nguvu ya umma tusiishie kushangilia. Tujifunze namna ya kuishika hatamu.